Wapimeni wahandisi wa programu kwa kazi watakayoifanya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni, iliyowashauri vijana wanaotaka kuajiriwa katika kampuni kubwa kama wahandisi wa programu. Mwandishi aliwaambia wajifungie ndani, watatue mafumbo ya algorithimu (hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta) mamia kwa mamia mpaka wayajue kwa moyo, na kwamba wakifanya hivyo mengine yote yatajipa.

Mimi ni mhandisi wa programu katika kampuni ya aina hiyo. Nilisailiwa kwa mafumbo, nikapita, na kwa miaka kadhaa sasa ni miongoni mwa wanaosaili. Siwezi kusema ushauri ule ni wa uongo. Anayetaka kuingia leo asipofanya mazoezi ya mafumbo huenda akabaki nje. Kinachonisumbua ni kwamba makala imelichukua jambo hili kana kwamba limeandikwa mbinguni. Kinachopimwa mlangoni sicho kinachofanywa ndani. Tunaosaili tunalijua hilo, na uwezo wa kulibadilisha tunao.

Kwa msomaji asiyeujua usaili huu, kwa kawaida huenda hivi. Kwanza afisa ajira anapiga simu, anauliza historia yako ya kazi na lini unaweza kuanza. Ukivuka hapo unasailiwa na mhandisi mmoja kwa njia ya video, mkiwa mmefungua ukurasa mmoja wa kuandikia msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ambao nyote mnauona, herufi kwa herufi. Ukivuka tena unapangiwa siku nzima: duru nne au tano, kila moja dakika 45 au saa moja. Duru mbili au tatu ni za kuandika msimbo, moja ya kusanifu mfumo mkubwa, na moja ya kuulizwa ulivyoishi na wenzako kazini. Amazon huyafunga maswali hayo ya mwisho na kanuni zao 16 za uongozi, na humweka kwenye jopo msaili mmoja asiyetoka katika timu inayoajiri. Google kwa miaka mingi wameuacha uamuzi kwa kamati inayosoma ripoti za wasaili bila kumwona msailiwa. Wengine wameiga, kila mmoja kwa namna yake, lakini uti wa mgongo ni uleule: fumbo, saa, na mtu anayekutazama.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Timu yangu inahudumia mfumo wa malipo. Wakati fulani wateja wachache walianza kulalamika kwamba wamekatwa fedha mara mbili kwa kitu kimoja. Hawakuwa wengi, wala haikutokea kila siku, na hapo ndipo penye taabu, maana hitilafu inayotokea kila mara hujionyesha yenyewe. Tulianza na kumbukumbu za seva, yaani kompyuta zetu zinazopokea maombi ya wateja. Kila malipo yaliyorudiwa yalikuwa na ombi la kwanza lililokamilika salama, na la pili lililofuata sekunde chache baadaye, la kiasi kilekile, kutoka simu ileile. Mteja hakubonyeza mara mbili. Programu ya kwenye simu ilikuwa imepangiwa kusubiri jibu kwa sekunde 3, na isipolipata itume ombi upya. Upande wa pili, huduma iliyokuwa ikizungumza na benki iliruhusiwa kuchukua hadi sekunde 5. Kwa hiyo kila benki ilipochelewa na kujibu katika sekunde ya nne, fedha zilikatwa kama kawaida, lakini simu ilikuwa imekwisha kukata tamaa na kutuma ombi la pili. Ukiutazama kila upande peke yake, huoni kosa. Sekunde 3 ziliwekwa na timu moja, sekunde 5 na nyingine, na waliozipanga hawakuwahi kukaa meza moja.

Dawa yake inajulikana kwa wote waliowahi kushika mifumo ya malipo: kila ombi lipewe namba yake ya pekee hukohuko kwenye simu, na seva kabla ya kugusa fedha iangalie kama namba hiyo imekwisha kuipokea. Kama imekwisha kuipokea, isikate tena. Isubiri jibu la ombi la kwanza na kulirudisha hilohilo. Msimbo ulioongezwa ulikuwa mfupi. Kilichotula muda ni kusoma msimbo wa timu nyingine, kumtafuta mtu aliyejua kwa nini zilichaguliwa sekunde 3, kuiomba timu ya programu ya simu ipangue ratiba yake, na kuamua la kufanya kuhusu simu ambazo wenyewe wangekaa miezi bila kusasisha programu. Hilo la mwisho lilizua mabishano marefu kuliko yote, na ndilo lililohitaji uhandisi hasa.

Hakuna kipande cha kazi hiyo ambacho mafumbo ya usaili wangu yalikigusa. Niliombwa nigeuze mti wa data (data iliyopangwa kwa matawi) kulia kuwa kushoto, nitafute njia fupi kuliko zote kwenye gridi, nihakikishe mabano yamefungwa sawasawa. Niliyafanya. Hayo hayakumwambia msaili wangu lolote kuhusu kama ningeweza kusoma msimbo wa mtu aliyekwisha kuacha kazi na kuutafuta mstari wenye tatizo.

Isidhaniwe kwamba timu yangu ni ya pekee. Google wenyewe wamechapisha takwimu zao: kufikia Januari 2015 hazina yao moja ya msimbo ilikuwa na mistari kama bilioni 2, ikitumiwa na wahandisi takriban 25,000. Mwaka 2018 watafiti wao wakaeleza jinsi msimbo unavyopitiwa na wenzako kabla haujakubaliwa kuingia katika hazina hiyo. Katika mamilioni ya mabadiliko waliyoyachunguza, nusu yaligusa mistari 24 au pungufu, na zaidi ya asilimia 10 yaligusa mstari mmoja tu. Anayeanza kazi mahali kama hapo hapewi ukurasa mtupu. Anakuta bahari ya msimbo ulioandikwa na wengine. Anatakiwa aelewe pale anapogusa, abadilishe kidogo, aeleze kwa maandishi kwa nini amebadilisha, kisha avumilie mwenzake akimwambia hapa hapajakaa vizuri. Kumpima mtu huyo kwa fumbo la dakika 45 ni sawa na kumpima fundi cherehani kwa kasi ya kutunga uzi kwenye sindano.

Natambua kwa nini kampuni kubwa zilifika hapa, na sababu zao zina uzito. Waombaji ni wengi mno. Fumbo lina jibu linalojulikana, kwa hiyo watu wawili waliosailiwa na wasaili tofauti wanaweza kulinganishwa. Zaidi ya yote, fumbo halimuulizi mtu alisoma chuo gani wala anamjua nani. Nimewaona wenzangu waliojifundisha wenyewe, wasio na cheti cha maana mkononi, wakiingia kwa njia hii na kuwa wahandisi wa kutegemewa. Tukiuondoa upimaji wa aina moja kwa wote tukarudi kwenye mazungumzo ya kupiga soga, tutakaowaajiri ni wale wanaofanana nasi. Utafiti wa saikolojia ya kazi unaonya vivyo hivyo. Schmidt na Hunter mwaka 1998, kisha Sackett na wenzake walioyapitia upya mahesabu hayo mwaka 2022, wote walionyesha kwamba usaili wenye mpangilio, ambao kila mtu anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa vigezo vilevile, unatabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo huria. Kwa hiyo siombi tuache kupima. Naomba tupime kwa mpangilio uleule, ila tupime kazi.

Nitoe mfano wa jinsi fumbo linavyoweza kumpa alama mtu asiyestahili. Swali la zamani kabisa katika usaili ni la kutafuta namba katika orodha iliyopangwa kwa kugawa nusu kwa nusu. Unatazama katikati, kama namba unayoitafuta ni ndogo unabaki na nusu ya kushoto, kama ni kubwa unabaki na ya kulia, hivyo hivyo mpaka uipate. Kila aliyefanya mazoezi anaiandika bila kupumua, na katikati anaipata kwa kujumlisha mwanzo na mwisho kisha kugawa kwa 2. Mwaka 2006 Joshua Bloch, wakati huo akiwa Google, aliandika kwamba mstari huo wa kujumlisha na kugawa una kosa, na kwamba kosa hilo lilikaa kama miaka 9 katika maktaba ya Java, lugha ya kuandikia programu, ndani ya msimbo aliouandika yeye mwenyewe. Namba kamili ya biti 32, yaani iliyotengewa tarakimu 32 za sifuri na moja kwenye kompyuta, mwisho wake ni 2,147,483,647. Orodha ikiwa na vitu zaidi ya bilioni moja, jumla ya mwanzo na mwisho inaweza kuvuka hapo, ikageuka kuwa namba hasi, na programu ikaanguka. Tiba ni ndogo: chukua mwisho, toa mwanzo, gawa kwa 2, halafu ndipo uongeze mwanzo.

Katika usaili wa kawaida, anayeuandika mstari ule wenye kosa kwa haraka anapata alama zote, maana hata msaili hauoni. Anayesita akauliza, "Orodha hii inaweza kufika ukubwa gani?" anakuwa amepoteza dakika, na ripoti itasema alihitaji muda mrefu. Mimi huyo anayeuliza ndiye ninayemtaka katika zamu ya usiku pale mfumo unapozimika. Saa ya usaili inamwadhibu kwa sifa ileile tunayomhitajia.

Tena kuna suala la kutazamwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina State na Microsoft waliwachukua wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta wakawapa tatizo la aina ya usaili. Nusu walilitatua ubaoni mbele ya msaili huku wakieleza kwa sauti wanachofikiri. Nusu nyingine waliachwa peke yao katika chumba. Waliotazamwa, ufanisi wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Miongoni mwao hakuna mwanamke hata mmoja aliyefaulu, ilhali wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Ni kundi dogo, na mimi nisingejenga sheria juu yake. Lakini nikiwa mwanamke niliyepita kwenye ubao ule, na niliyekaa baadaye nikiwatazama wengine, sikushangaa hata kidogo. Ninaifahamu ile hali ya mtu aliyekuwa akifikiri vizuri mpaka alipokumbuka kwamba kuna mtu anaandika maelezo juu yake. Kidole kinabaki juu ya herufi. Anafuta mstari uliokuwa sahihi.

Ongeza hapo kwamba wengi wetu tunatakiwa kufikiri kwa sauti kwa Kiingereza, lugha tuliyoipata darasani. Kuandika msimbo kwa Kiingereza si tatizo, maneno yenyewe ni machache. Kusimulia wazo ambalo bado linachipuka, kwa kasi ya mzungumzaji mzawa, bila kunyamaza, ni mtihani wa pili uliofichwa ndani ya ule wa kwanza. Nimesoma ripoti za wasaili wenzangu zenye maneno "mawasiliano dhaifu" juu ya mtu ambaye msimbo wake haukuwa na doa. Kazini mtu huyo angeandika maelezo yake kwa utulivu, akayasoma mara mbili, ndipo akayatuma. Mawasiliano ya kihandisi kwa sehemu kubwa ni ya maandishi, na hayo hatuyapimi kabisa.

Wengi wanaikumbuka habari ya Max Howell, mwandishi wa Homebrew, programu inayotumiwa na wahandisi wengi mno kusakinishia programu nyingine kwenye kompyuta za Mac. Mwaka 2015 alieleza hadharani kwamba Google walimkataa kwa kushindwa kugeuza mti wa matawi mawili ubaoni, ingawa wahandisi wengi wa kampuni hiyo walikuwa wakiitumia programu yake. Watu walibishana sana wakati ule kama alistahili au hakustahili. Mimi naona ubishi huo uliliacha swali la msingi. Kazi yake ilikuwa wazi kwa yeyote kuisoma, mstari kwa mstari, pamoja na jinsi alivyojibu malalamiko ya watumiaji. Je, nani aliisoma kabla ya kumpa ubao?

Na kampuni zinaweza kubadilika zikitaka. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu Google, alisema mwaka 2013 kwamba vitendawili vya ajabu ajabu walivyokuwa wakiwauliza watu havikutabiri chochote na vilikuwa kupoteza muda, wakaviacha. Kampuni hiyohiyo ilipochunguza data zake iligundua kuwa usaili wa mara nne unatosha kufikia uamuzi kwa uhakika wa asilimia 86, na kwamba kuendelea kumzungusha mtu baada ya hapo hakuongezi kitu cha maana. Kabla ya hapo walikuwapo waombaji waliosailiwa zaidi ya mara kumi.

Katika timu yangu tulipata ruhusa ya kubadilisha duru moja. Badala ya fumbo, tunampa msailiwa programu ndogo, kama mistari mia tatu hivi, inayopokea maagizo na kuyapanga. Tunampa pia lalamiko la mtumiaji lililoandikwa kama watumiaji wanavyoandika kweli: "Jana agizo langu lilionekana, leo halipo." Tunamwacha peke yake kwa dakika 20 asome, aiendeshe, ajaribu anachotaka. Ndipo tunaketi naye na kumuuliza ameona nini na angeanzia wapi. Vigezo vya alama tumeviandika mapema na ni vilevile kwa kila mtu: je, aliweza kulizalisha upya lalamiko? Aliuliza nani mwingine anaitumia sehemu aliyotaka kuibadilisha? Mabadiliko yake yalikuwa madogo kiasi gani? Aliandika jaribio la kuthibitisha?

Tofauti tuliiona mapema. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa moto wa kuotea mbali katika duru za mafumbo. Tulipompa zoezi hili alifuta nusu ya faili na kuanza kuiandika upya kwa mtindo wake, na lile lalamiko hakulisoma hadi mwisho. Nakumbuka na mama mmoja aliyerudi kazini baada ya kulea, mpole, mafumbo yakimtoa jasho. Huyu aliusoma msimbo wote kwa kimya, kisha akasema, "Hapa tarehe inahesabiwa kwa saa za seva, na pale kwa saa za mtumiaji. Aliyeagiza karibu na usiku wa manane atapotea." Ndipo lilipokuwa kosa. Zoezi hili nalo lina udhaifu wake: linachukua muda mrefu kuliandaa, inabidi libadilishwe kila mara kwa sababu watu huambiana, na wapo waliolifanya vizuri ambao baadaye kazini walitutia wasiwasi. Lakini tunapobishana katika kikao cha uamuzi, sasa tunabishana juu ya kitu kinachohusiana na kazi.

Ujio wa akili mnemba umelifanya jambo hili kuwa la haraka. Fumbo lenye jibu linalojulikana ndilo kitu ambacho mashine hizi hulijibu kwa wepesi kuliko vyote, na msailiwa kwenye video anaweza kuwa na jibu pembeni ya kioo. Baadhi ya kampuni zimeanza kurudisha usaili wa ana kwa ana; Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisema mwaka 2025 kwamba wanarudisha angalau duru moja ya namna hiyo. Mimi sina tatizo na kukutana uso kwa uso, ila kumleta mtu ofisini ili tu ajibu fumbo lilelile bila msaada wa mashine ni kulinda kitu kisichostahili kulindwa. Sasa hivi ofisini mashine inaandika msimbo mwingi, na mtu ndiye anayetakiwa kuusoma na kusema huu ni mzuri, huu utatuunguza.

Wanaoumia zaidi na utaratibu wa sasa si vijana peke yao. Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, walitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000. Januari 2023 Google 12,000, na Amazon zaidi ya 18,000. Katika wimbi hilo nimewajua wahandisi waliokuwa wameshika mifumo mizito kwa miaka mingi, watu ambao ungewapigia usiku wa manane wakakuambia seva gani uitazame kwanza. Walipotafuta kazi kwingine walirudishwa kwenye mafumbo yaleyale ya vijana wa mwaka wa mwisho chuoni. Wengine walikuwa na watoto na wazazi wa kuwatunza, na usiku wao wote ukaisha kwa kukariri mambo ambayo hawajawahi kuyatumia tangu waajiriwe. Ujuzi wao halisi, ule wa kuzuia mfumo usianguke, haukuwa na duru ya kuupima.

Kwa vijana niseme hivi, kwa kuwa makala ile iliwalenga wao. Fanyeni mafumbo, ndiyo, kwa kiasi cha kuwavusha. Lakini tengeni muda wa kusoma msimbo wa mradi wowote ulio wazi kwa umma, mchague lalamiko moja dogo lililoripotiwa, mlifuatilie mpaka mlielewe, hata kama hamtalirekebisha. Na mkipewa zile dakika tano za mwisho za kuuliza maswali, msizipoteze kwa kuuliza utamaduni wa kampuni ukoje. Ulizeni zamu ya dharura inazunguka kila baada ya muda gani na watu huamshwa mara ngapi. Ulizeni mara ya mwisho mfumo ulipozimika kulitokea nini baada ya hapo. Februari 28, 2017, mhandisi wa Amazon aliingiza amri yenye kosa, seva nyingi kuliko zilizokusudiwa zikaondolewa, na huduma yao ya kuhifadhi data ikayumba kwa saa kadhaa pamoja na tovuti nyingi zilizoitegemea. Katika maelezo waliyoyatoa kwa umma hawakumtaja mtu. Walieleza kwamba wamekirekebisha chombo chenyewe kiondoe seva polepole zaidi na kikatae kushuka chini ya idadi inayohitajika. Msaili akikujibu kwa namna hiyo, hapo panafaa kufanyia kazi. Akikuambia nani alifukuzwa, umepata jibu lako pia. Ngazi utakayowekwa nayo iulize mapema, kwa sababu mshahara na hisa hufuata ngazi, na hisa kwa kawaida hutolewa kidogo kidogo kwa miaka minne, na katika baadhi ya kampuni bila kupata chochote kabla ya mwaka wa kwanza kutimia.

Nina neno la mwisho kwa wasaili wenzangu na kwa wakuu wanaotuwekea taratibu, nalo ni kuhusu wanaokataliwa. Mtu anatoa wiki za maandalizi na siku nzima ya usaili, kisha anapata barua pepe ya mistari miwili kwamba tumeamua kuendelea na waombaji wengine. Haelezwi kama alianguka kwenye msimbo, kwenye usanifu au kwenye mazungumzo. Wakati huohuo ndani ya mfumo wetu kuna ripoti yake, kurasa kadhaa, tulizoziandika kwa uangalifu siku ileile, na hatakaa azione. Tunaambiwa ni hofu ya kushitakiwa. Kama tulichokiandika kinaweza kutushitaki, basi tusingekiandika. Na kama ni cha haki, mwenyewe ana haki ya kusikia walau sentensi mbili. "Usanifu wako ulikuwa imara. Kwenye kusoma msimbo uliruka hatua ya kulizalisha upya tatizo." Haya yanaandikwa kwa dakika moja, na yule mtu anajua Jumatatu aanze na nini badala ya kudhani hana akili.

Zoezi la kusoma msimbo nililolieleza nimeliandika upya kwa data za kubuni, pamoja na vigezo vyake vya alama, na mwajiri wangu ameridhia nilitoe. Msaili yeyote anayetaka kulijaribu, awe wa kampuni kubwa au ndogo, aandike kwenye ofisi yako nami nitamtumia bila malipo.

Msomaji wenu,
Mhandisi wa programu
(Jina na anwani vimehifadhiwa)